Mdomo wa Masanja

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, mwanamke aliingia studio kwetu pale Mabatini akiwa amebeba picha niliyoichora mimi, ameifunga kwa kanga, akaiweka mezani ikiwa imetazama chini. Hakunisalimia. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, kichwa kimevimba kwa sifa za wateja, nikadhani amekuja kuagiza nyingine. Nikamkaribisha kwa tabasamu lote nililokuwa nalo. Tabasamu lile, kama ningeweza kulifuta maishani mwangu, ningelifuta leo hii.

Nakuandikia kwa sababu umeniuliza. Juzi ulinitumia kwenye simu picha tatu za mama yako akianika dagaa, umezipitisha kwenye filta mpaka mashavu yake yakawa ya msichana wa shule, ukaniuliza, "Bibi, ipi kali?" Sikukujibu. Ukamwambia mama yako kwamba bibi amenuna. Sikununa, au tuseme nilinuna kidogo tu. Zaidi nilijiona mimi mwenyewe nikiwa na umri wako, na jibu lako likawa refu kuliko nafasi ya kwenye simu. Ndiyo hili. Wewe endelea kuniita Bibi, nami nitakuita mwanangu, tusibishane.

Kazi hii nilifundishwa na Mjomba Idrisa, kaka yake mama. Sisi ni watu wa mjini, damu imechanganyika: kwa mama ni watu wa Tabora waliofuata biashara, kwa baba ni Wasukuma wa Magu. Mjomba alikuwa mpiga picha. Studio yake ilikuwa chumba kimoja mbele, na nyuma chumba cha giza cha kusafishia picha, mlango wake blanketi. Alipiga picha za vitambulisho, harusi, ubatizo na maulidi. Mimi nilikuwa mchoraji wake, na kwa kweli mkono ninao, sitajifanya mnyenyekevu mbele yako.

Siku zile mtu akitaka picha kubwa ya marehemu wake ya kutundika sebuleni, alileta picha ndogo yoyote aliyobaki nayo. Mjomba aliipiga upya na kuikuza, kisha mimi nikaichora kwenye ubao kwa rangi za mafuta. Na marehemu wote wa studio yetu walivaa suti. Hata aliyechunga ng'ombe maisha yake yote, watoto wake walitaka wamwone na tai. Basi siku ambazo wateja walikuwa wachache mimi nilichora suti tupu, tano sita kwa mkupuo, nikaziacha zikauke ukutani bila vichwa. Ukija na marehemu wako, namtafutia suti ya kumtosha, naweka kichwa, kazi imekwisha. Wateja walifurahi, nami nikajiona nimefika.

Yule mwanamke aliitwa Mama Kabula. Mara ya kwanza alipokuja alileta kitambulisho cha kazi cha mume wake. Mume, Masanja, alikuwa mfanyakazi wa kivuko cha Busisi, enzi hizo kabla ya hilo daraja ambalo wewe unalivuka dakika chache bila hata kugeuza shingo uyaone maji. Kazi yake ilikuwa kuyapanga magari yanapoingia kivukoni na kufunga kamba wakifika ng'ambo. Alipatwa na homa, siku ya nne akafariki, mkewe akiwa na mimba ya miezi sita. Mtoto ndiye Kabula, na siku hizo alikuwa na miaka minne.

Nikakitazama kitambulisho. Picha yenyewe ndogo, na mhuri wa wino wa zambarau umepigwa juu yake, umefunika kuanzia chini ya pua mpaka kidevuni.

"Huna picha nyingine?" nikamuuliza.

"Ni hiyo tu, dada. Hatukuwa watu wa picha."

"Mdomo hauonekani."

"Ndiyo maana nimekuja kwako, wanasema unaweza." Kisha akainamisha kichwa. "Mtoto ananiuliza baba yake alikuwaje. Na mimi mwenyewe nimeanza kumsahau. Macho nayaona, pua naiona. Nikifika hapa," akashika midomo yake, "napotelewa."

Mwanangu, mtu anakuja kukwambia neno zito kama hilo, wewe unafanya nini? Mimi nilimwambia arudi Ijumaa. Sikumuuliza swali hata moja. Nilishageukia ukutani kutafuta suti.

Nilimchagulia ya kijivu. Macho na pua nikavifuata kwenye kitambulisho, tena vizuri. Nilipofika kwenye mdomo sikusita hata kidogo. Wakati huo kulikuwa na kijana mmoja wa Nyegezi aliyekuwa akininyima usingizi, ana midomo imechongeka, na akicheka pembe zake zinapanda. Mungu anisamehe, mdomo ule nilimpa Masanja. Sikupanga. Mkono ulikwenda wenyewe kule moyo ulikokuwa, na mimi nikaufurahia.

Mjomba alipoiona aliisifu rangi. Kisha akaitazama tena, akauliza, "Mdomo umeutoa wapi?"

"Kichwani, Mjomba."

Akaguna. Angekuwa mtu mwingine ningeliuliza guno lile maana yake nini, lakini nilikuwa nimeshazoea maguno ya Mjomba.

Mama Kabula alikuja Ijumaa. Aliitazama muda mrefu. Akasema, "Amependeza," akanishukuru, akaondoka nayo. Hakusema uongo, alikuwa amependeza kweli. Mimi siku nzima nikawa naimba.

Zilipita wiki sita, ndipo ikaja asubuhi ile niliyokutajia. Picha iko mezani, imelala kifudifudi kwenye kanga, na mimi nimesimama na tabasamu langu.

"Sikuja kugombana," akasema Mama Kabula. "Nimekuja kukurudishia mtu wako."

"Kuna kasoro, mama?"

"Wiki ya kwanza nilijiambia nitamzoea. Kweli nikamzoea. Sasa nikifumba macho anayekuja ni huyu, na tai yake. Masanja haji tena. Kile kidogo nilichokuwa nimebakiwa nacho nacho kimekwenda." Sauti yake haikupanda. "Dada, umemfukuza mume wangu."

Nikaanza kujitetea. Nikasema picha aliyoleta ilikuwa na mhuri, nikasema mtu hawezi kuchora asichokiona, nikasema hata Mjomba aliisifu.

"Ungeniuliza," akanikatiza. "Hukuniuliza hata kitu kimoja." Akakunja kanga yake, akatoka, picha akaiacha.

Nililia, na usidhani nililia kwa majuto. Nililia kwa hasira. Niliona hana shukrani, mtu amevalishwa suti nzuri vile. Mjomba aliniacha nikalia mpaka nikamaliza. Kisha akaisimamisha picha juu ya kiti mbele yangu, akavuta kiti kingine akakaa.

"Nieleze huyu mtu," akasema. "Alikuwa akicheka vipi?"

Nikaitazama suti.

"Alikuwa mkimya au mwenye maneno? Nguo yake ya kazi ilikuwa rangi gani? Alikufa ana miaka mingapi?"

Hata umri wake sikuujua.

"Basi umemchora mtu usiyemjua, ukampa mjane wake amtazame kila siku. Huo si ufundi, Zuhura. Hiyo ni jeuri." Hakuwahi kuniita kwa jina langu hivihivi, siku zote aliniita mama. Akakusanya brashi zangu zote, akazifungia kabatini, ufunguo akautia mfukoni. Akanipa daftari la shule na kalamu. "Nenda Busisi. Ukimjua, rudi."

"Nichukue kamera?"

"Kamera iache hapa. Utaifuata ukishajua unakwenda kupiga nini."

Nilikwenda kwa kununa, nakwambia ukweli. Nikamkuta Mzee Lutonja, aliyefanya kazi na Masanja miaka mingi. Nikamwamkia, nikafungua daftari, nikamuuliza moja kwa moja Masanja alikuwa na mdomo wa namna gani.

Alicheka mpaka akakohoa. "Mdomo wa mwanamume mwenzangu niukague wa nini, binti?" Akawaita wenzake waje wasikie, nao wakacheka. Nilitamani ziwa linimeze.

Lakini nilikuwa naogopa kurudi kwa Mjomba na daftari tupu. Nikapanda kivuko, nikakaa kwenye rundo la kamba, nikafunga mdomo wangu. Nilivuka nao kwenda na kurudi kutwa nzima, na kesho yake tena. Siku ya pili hiyo, mchana, liliingia lori la pamba limejaa mpaka linaegemea, nafasi iliyobaki ni ya kupenyeza kiganja. Mzee Lutonja alikuwa akiliongoza kwa mkono. Lilipotulia akapangusa jasho, akasema kama anajisemea mwenyewe, "Hapa ndipo Masanja angeuma mdomo."

"Angeuma vipi, babu?"

"Hivi. Mdomo wa chini, upande wa kushoto, na jicho moja amelibana. Lori likiingia pabaya anauma, na likiwa limeingia sawasawa anauachia. Madereva wazoefu mkono wake walikuwa hawauangalii kabisa, wanaangalia mdomo."

Nikaandika. Niliharakisha, mwandiko ule ninao mpaka leo na hausomeki vizuri. Na kwa kuwa sasa sikuuliza kitu, wakaanza kuleta wenyewe. Mmoja akasema Masanja hakula samaki, mtu wa ziwani mzima, kila siku maharage, wakimtania naye anatania. Mwingine akasema shati lake la bluu lilikuwa na mfuko uliochanika kwa sababu alitia spana humo na hakutaka kusikia habari ya kuliacha. Mwingine akasema kanisani aliimba kwa nguvu na sauti hana. Nilijaza kurasa kumi na moja. Jioni, kivuko kinatia nanga upande wa pili, Mzee Lutonja akanishika bega. "Kama unautaka mdomo wenyewe, binti, kanywe chai kwa Minza. Yule ni dada yake, baba mmoja mama mmoja."

Dada Minza alikuwa akiuza chai na maandazi pale Busisi, hatua chache kutoka magari yanapoteremkia. Nilikwenda kwake siku tatu mfululizo bila kamera. Nilikunywa chai mpaka tumbo likajaa. Usidhani nilikuwa napoteza muda, nilikuwa natazama. Akiongea, mdomo wake ni wa kawaida. Akicheka, wa kawaida. Lakini chai ikiwa imechemka, anapoinua sufuria kuimimina kwenye chupa yenye shingo nyembamba, hapo anauma mdomo wa chini, kushoto, na jicho moja linabana. Mara ya kwanza nilipoona nilisahau kikombe changu.

Siku ya nne nilikuja na kamera, nikamweleza kila kitu, mpaka ile aibu ya suti. Akakubali. Lakini alipoiona kamera tu akanyoosha shingo, akakaza uso, akawa kama yuko mbele ya hakimu. Filamu yangu ilikuwa imebakiza picha tatu. Nikaiweka kamera pembeni, nikakunja mikono, nikamsaidia kukanda unga. Tukazungumza habari za wanaume, na huyo wangu wa Nyegezi nikamtaja, akanicheka sana. Wateja wakaja, akanisahau. Chai ikachemka. Nilinyanyua kamera nikiwa na unga vidoleni, nikapiga moja.

Mjomba aliisafisha mwenyewe. Picha ilipoanza kutokea kwenye maji ya dawa, akasoma na kurasa zangu kumi na moja pembeni ya taa nyekundu ya chumba cha giza, polepole, mpaka mwisho. Hakusema nimefanya vizuri. Alitia mkono mfukoni akatoa ufunguo wa kabati.

Ilibaki sehemu ngumu. Nilikwenda nyumbani kwa Mama Kabula kumwomba aje akae nami nikichora. Alikataa. "Nije kukuambia nini? Nimekwambia amekwenda, simwoni."

"Huna haja ya kuniambia alivyokuwa," nikasema. "Nikikosea, nikataze tu."

Alikuja alasiri tatu, Kabula akiwa naye, anacheza na makopo yangu ya rangi. Ya kwanza alisema "Hapana" mara nyingi sana. Hapana, si mwembamba hivyo. Hapana, kidevu hapana. Alikuwa hajui alivyokuwa mumewe, lakini asivyokuwa alivijua vyote. Alasiri ya pili, kumpumzisha, nikamsomea daftari langu. Nilipofika kwenye maharage akaangua kicheko.

"Maharage!" akasema. "Na kitunguu kikikatwa kikubwa hali! Anakitoa kipande kimoja kimoja, anakipanga ukingoni mwa sahani, halafu ananitazama." Akaacha kucheka. Akafumba macho, akakaa vile muda mrefu, nami nikashusha brashi nisimsumbue. Tangu hapo alizungumza bila kukoma, na mimi nikawa natia rangi kidogo, nasikiliza sana. Suti haikuwepo. Masanja alivaa shati la bluu lililopauka, mfuko umechanika, ameuma mdomo kushoto, anakutazama kwa jicho moja kama anapima kama utaenea.

Alasiri ya tatu nikaweka brashi chini. Mjomba alikuja akasimama mlangoni. Mama Kabula aliinuka, akasogea karibu, akarudi nyuma, akasogea tena.

"Si yeye sawasawa," akasema.

Nilishauandaa ulimi kuomba radhi.

"Lakini huyu hamfukuzi," akasema. "Nikimtazama huyu, mwenyewe anakuja." Akaanza kulia, kilio cha kawaida cha mtu aliyechoka, akakaa chini sakafuni kwenye rangi.

Kabula alikuwa amesimama pale na kopo mkononi. Wiki sita zile nyumbani alikuwa akipita mbele ya yule bwana wa suti, na mama yake aliniambia baadaye kwamba mtoto hakuwahi hata kumnyooshea kidole. Sasa akamtazama mama yake analia, akaitazama picha. Kopo akaliweka chini. Akalinyoosha gauni lake, akainamisha kichwa kama alivyofundishwa kufanya mbele ya wakubwa.

"Shikamoo," akasema.

Hakuna aliyemwambia. Mtoto alibaki ameinama, anangoja, maana salamu isiyojibiwa mtoto hajui aiweke wapi.

Mama yake akapangusa uso kwa kiganja. "Marahaba, mwanangu," akajibu.

Basi mwanangu, tangu siku hiyo ndivyo nifanyavyo kazi, na nimezeeka nikifanya hivyo hivyo. Kabla ya brashi na kabla ya kamera, naandika. Si lazima uandishi wa kuchapwa kitabu, andika tu mtu huyo hula nini, hukasirishwa na nini, shati lake limechanika wapi. Ukikosa la kuandika, ujue hujamwona bado, na picha utakayompiga itakuwa yako wewe. Kamera ichelewe. Kaa na mtu mpaka akusahau, hata kama itakubidi ukande unga. Kuchora kuwe mwisho, na ukichora mwite anayempenda huyo mtu akae karibu akukataze. Atakuudhi. Mvumilie, maana yeye ataishi na hiyo picha, na wewe utakuwa umeshahamia kwa mteja mwingine.

Na ogopa pale mkono unapokwenda kwa wepesi. Mimi sijawahi kuchora kitu kwa raha kama mdomo ule wa kwanza. Uzuri hauna ubaya, mwanangu, na wewe unao mkono mzuri, nimeuona. Lakini uso wa mtu ni amana. Watu watakusahau wewe, watalisahau jina lako hata kama umeliandika pembeni kwa wino mwekundu, na watabaki na uso uliowapa, wakidhani ndio wenyewe. Ndiyo hofu yangu nikikuona unavyokimbia.

Mwenyezi Mungu akujaalie macho yenye haya na mikono isiyo na pupa. Akukutanishe na watu watakaokukaribisha chai ukiwa huna la kuwapa. Na siku utakapokosea, maana utakosea tu, akuletee mtu mwenye ujasiri wa kukurudishia kazi yako mkononi, nawe akupe miguu ya kumfuata mpaka nyumbani kwake. Amina.